Alipokea Viambatisho Vyangu Vyote, Hakufungua Hata Kimoja

Kwa Mheshimiwa Mshauri,
Safu ya Ushauri wa Familia.

Yahusu: Ombi la uamuzi juu ya mawasiliano kati yangu na binti yangu

Salamu na heshima zangu zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na wote unaofanya nao kazi. Madhumuni ya barua hii ni kukuomba, kwa unyenyekevu mkubwa, unisaidie kutoa uamuzi ambao mimi mwenyewe nimeshindwa kuutoa, kwa kuwa kila nikiugeuza upande huu naona nina haki, na nikiugeuza upande wa pili naona nimebaki peke yangu.

Awali ya yote nijitambulishe. Mimi ni mtunza stoo mstaafu, niliyefanya kazi katika stoo ya mabomba na koki za maji tangu ujana wangu hadi siku waliponiaga kwa keki na saa ya ukutani, na kazini waliniita Mzee Hati kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka na koki mlangoni pangu bila hati mbili, moja ya kuomba na moja ya kupokea. Darasani sikufika mbali. Uandishi huu nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma majalada ya ofisi wakati wenzangu wamekwenda kula, nikanakili namna wakubwa wanavyoifungua barua na namna wanavyoifunga, na mpaka leo siwezi kumwandikia mtu hata ujumbe wa kuniletea mkate bila kuanza na salamu.

Mke wangu alitangulia mbele ya haki, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba hii. Binti yetu wa pekee, ambaye ni mpimaji katika maabara ya kiwanda kwenye mji wa mbali, alipokuwa akipiga simu aliongea na mama yake, nami nikiwa kwenye kiti changu husema, mwambie namsalimu, naye mama husema, baba yako anakusalimu, na salamu ikawa imefika. Baada ya msiba simu zikawa zinanijia mimi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui kuongea na mwanangu, maana tuliulizana kama tumeamka salama, tukaulizana kama tumekula, kisha kila mmoja akabaki kusikiliza pumzi za mwenzake hadi mmoja wetu apate sababu ya kukata.

Nikaona ni vyema niandike, kwa kuwa kwenye karatasi sipotezi maneno. Mwenye steshenari ya mtaani kwetu alinifungulia anwani ya barua pepe na kunieleza utaratibu wake, nami nikauelewa hivi, kwamba ule ujumbe unaoonekana kwanza ni bahasha, na kiambatisho ndiyo barua yenyewe, na mtu mwenye adabu haandiki mambo ya nyumbani kwake juu ya bahasha. Kwa hiyo kila barua niliipiga chapa nyumbani kwa taipureta yangu, nikaitia saini kwa kalamu ya wino, nikaipeleka steshenari ikapigwa picha kwa mashine, kwa rangi, ili saini ionekane kuwa ni ya bluu, na ikatumwa. Mwenye steshenari alipata kuniambia, "Mzee, faili hili limekuwa zito sana, nilipunguze?" Nikamjibu kwamba barua yangu kwa mwanangu haipunguzwi. Jina la faili liliachwa kama mashine ilivyolitoa, herufi na namba tupu, na juu yake niliagiza yaandikwe maneno ambayo sikuyabadilisha hata mara moja: Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tafadhali pokea kiambatisho.

Barua ya kwanza kabisa ilileta kasoro kidogo. Kwa kuwa nilikuwa na anwani ya kazini kwake, na kwa kuwa kule kwetu stoo hakuna barua iliyomfikia mfanyakazi kwa kumruka mkubwa wake, niliituma kupitia kwa Mkuu wa Maabara. Mkuu huyo aliifungua mbele ya watu akidhani ni malalamiko. Ndani nilikuwa nimemwandikia binti yangu kwamba mji ule nasikia una baridi, kwamba yeye tangu utoto hakuweza kulala bila lile blanketi lake la pundamilia, na kwamba blanketi ninalo, nimelifua, akilitaka nitalituma. Baadaye binti yangu aliniomba nisitumie tena anwani ile, akanipa yake binafsi, nami nikatii, nikidhani jambo limekwisha.

Tangu hapo nimemwandikia mambo mengi. Nilimwandikia jinsi nilivyoziba bati la jikoni linalovuja, na jinsi nilivyojaribu kupika kama mama yake nikaishia kufungua madirisha yote moshi utoke. Nilimwandikia kwamba kile kiti cha mama sijakihamisha, na kwamba mgeni akitaka kukikalia namwambia mguu wake umevunjika, ilhali ni mzima. Nilimwandikia kuhusu mama yake maneno ambayo mama mwenyewe sikuwahi kumwambia akiwa hai. Na kila mara alinijibu kwa maneno haya haya: Nimepokea, asante baba.

Mheshimiwa Mshauri, kwa mtu wa stoo neno "nimepokea" si neno dogo. Aliyesema amepokea amefungua boksi, amehesabu vilivyomo na ameridhika, na baada ya hapo hawezi kurudi dirishani kusema hakuona. Kwa hiyo niliishi nikijua kwamba yupo mtu mmoja duniani anayejua hali yangu yote, na hilo lilinitosha, hata kama hakujibu zaidi.

Mwaka huu macho yangu yalianza kuingia ukungu, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, akapanga kunipasua la kulia kwanza kwa kuwa ndilo lililoharibika zaidi. Sharti lao ni kwamba mgonjwa afike na mtu wake, kwa sababu akitoka jicho limefungwa bandeji, na hawamruhusu aondoke peke yake. Nilimwandikia binti yangu barua ya kurasa tatu. Katika ukurasa wa tatu niliweka ombi langu, nalo nalinukuu hapa ili uone kwamba halikuwa na ukali wowote: "Endapo majukumu yako yataruhusu, si vibaya ukaangalia uwezekano wa kuwepo siku hiyo." Akanijibu: Nimepokea, asante baba. Ubarikiwe.

Siku ilipofika nilivaa koti langu la mikutano, nikaketi kwenye benchi la kliniki ya macho mahali ambapo mtu akiingia getini ataniona. Waliokuwa mbele yangu waliitwa, na waliokuwa nyuma yangu wakaitwa. Mfagiaji akaniomba niinue miguu apitishe dekio, nikainua, akapita, baadaye akarudi akaniomba tena. Mwishowe muuguzi akaja na jalada langu.

"Mzee, nani yuko nawe?"

"Binti yangu. Amekiri kupokea."

"Amekiri kupokea nini, baba?"

Zamu yangu akapewa mwingine. Nilitoka nje nikampigia binti yangu, nikamuuliza amefika wapi, naye akaniuliza nazungumzia safari gani, nikamwambia ni ile ya operesheni.

"Baba, operesheni gani?"

"Niliyokuandikia. Ulijibu kwamba umepokea."

Kisha akasema, "Nilipokea, baba. Sikufungua."

Nikamuuliza ni ipi nyingine ambayo hakuifungua. Akasema hajawahi kufungua hata moja. Alieleza kwamba ni nzito, simu yake inazunguka tu na bando linaisha, na kwamba tangu mkubwa wake aisome ile ya kwanza, wenzake maabara walimbandika jina la Blanketi, wanamwita hivyo hadi leo, na kila akiona kiambatisho changu anajibu upesi na kukipita. Akasema, "Ningejuaje, baba? Zote zinasema pokea kiambatisho. Niandikie pale pale juu, mistari miwili tu, nitasoma hata nikiwa nimesimama kazini."

Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa kuandika juu ya bahasha, nikakata simu. Jirani yangu, mama fundi cherehani tunayepakana naye ukuta, aliponiona narudi na koti langu na kusikia kwamba sikupasuliwa kwa kukosa mtu, alisema, "Si ungenigongea tu, baba? Mimi nipo hapa hapa." Nikamshukuru. Sikumweleza kwa nini sikugonga.

Baada ya hapo binti yangu alipiga simu mara nyingi. Niliiweka simu juu ya meza nikaiangalia ikitetemeka mpaka inyamaze. Sasa imeacha kutetemeka. Taipureta nimeifunika kwa kitambaa. Nakala za barua zote ninazo, kwa kuwa siku zote huwa naweka karatasi ya kaboni, na mchana hujaribu kuzisoma kwa kioo cha kukuzia nikiwa nimefumba jicho moja, nikitafuta ni wapi nilipokosea utaratibu. Sijapaona. Niliifunua kwa ajili ya barua hii tu, nikaipiga kwa shida, na kama kuna herufi iliyokaa vibaya naomba radhi.

Hospitali wamenipa tarehe nyingine, ambayo ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao. Hivyo basi nakuwekea njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga anwani yangu, niende na jirani, na binti yangu asipewe taarifa, kwa kuwa alipewa akaiacha. Ya pili ni kuendelea kumwandikia kwa utaratibu ule ule sahihi hadi hapo atakapoamua kufungua. Naomba uamuzi wako.

Wako mtiifu,
Mtunza Stoo Mstaafu

*

Mzee Hati, shikamoo.

Nianze na jambo litakalokuudhi. Barua yako ilikaa kwenye sanduku letu la barua pepe tangu mwezi uliopita bila kufunguliwa. Juu yake paliandikwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu, tafadhali pokea kiambatisho", faili lina jina la herufi na namba tupu, tena zito kama gunia la saruji. Mhariri wangu alidhani ni tangazo la kuuza viwanja. Mimi nimelifungua jana, na si kwa sababu ya wema wangu. Nilikuwa nasubiri maji ya chai yachemke. Nilipofika kwenye benchi la kliniki chai ilikuwa imepoa nami sijainywa, na nilipofika mwisho nikatazama kalenda. Alhamisi yako ni wiki hii.

Kwa hiyo sijangoja gazeti. Jibu hili umetumiwa pia asubuhi hii kwenye anwani yako, maneno yote yako juu, wazi, bila kiambatisho. Na kwa kuwa barua zako unazisoma kwa kioo cha kukuzia, nimempigia simu mwenye steshenari, namba yake iko kwenye muhuri wake chini ya karatasi yako, nikamwomba aje akusomee kwa sauti. Msikilize.

Umeomba nichague kati ya njia mbili. Nazikataa zote. Ya kwanza ni kumnunia mtoto, na ya pili ni kumnunia kwa adabu.

Baba yangu, ujumbe wa barua pepe si bahasha. Ni wewe umesimama mlangoni. Mtu akibisha hodi kwangu na boksi lililofungwa gundi, nikamuuliza amebeba nini naye akajibu tu "pokea", mimi siligusi boksi lile, hata awe mjomba wangu. Anayetuma kiambatisho anasema pale juu, kwa maneno yake, kilichomo ni nini, kinatoka kwa nani, na anataka mpokeaji afanye nini nacho. Faili analipa jina ambalo binadamu analielewa. Likiwa zito analipunguza kabla ya kulituma, na mwenye steshenari alikwambia, ukamjibu kama vile kakuomba umpunguze mtoto. Kama haliwezi kupungua unamuuliza mwenzako kwanza kama simu yake ina nafasi. Na ombi, mzee wangu, ombi halifichwi ndani ya faili. Kiambatisho kinabeba picha, cheti, barua ndefu ya kusomwa mtu akiwa ametulia. Jambo linalohitaji jibu linakaa mahali ambapo jicho linaanzia.

Kuhusu kumwandikia mwanao kupitia kwa mkubwa wake wa kazi, hapo nilicheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Stoo ni stoo. Blanketi la pundamilia halipitii kwa mkuu wa kitengo. Umemwachia msichana wa watu jina la utani kazini, na hujamwomba radhi hata kwa mstari mmoja. Barua yako kwangu inaita jambo hilo kasoro kidogo. Yeye halioni dogo.

Na wewe binti, kama jirani au mfanyakazi mwenzako atakuwekea ukurasa huu mezani, nina neno nawe pia. Usimjibu mtu "nimepokea, asante" kwa kitu ambacho hujakifungua. Ulidhani unamtuliza, kumbe ulikuwa unamtilia saini mzee ambaye maisha yake yote ameamini saini. Ungemwambia mara ya kwanza kabisa kwamba faili halifunguki, haya yote yasingekuwepo. Jina la utani linauma, nakubali. Lakini yule hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwamba jikoni kumejaa moshi.

Nirudi kwako, Mzee Hati, maana bado sijakwambia lililonifanya niache chai ipoe. Unasema unasoma nakala zako ukitafuta ulipokosea utaratibu na hupaoni. Mimi nimepaona, umeninukulia mwenyewe. "Endapo majukumu yako yataruhusu, si vibaya ukaangalia uwezekano wa kuwepo." Hata angeifungua, hata angeisoma kwa taa mbili, asingejua kwamba unamwita. Mtu anayesoma sentensi ile anaelewa kwamba kuna mkutano mahali fulani, akikosa ataletewa taarifa. Umelificha ombi mara mbili, kwanza ndani ya faili, halafu ndani ya lugha nzuri.

Ungeweza kwenda na jirani yako. Mama wa watu yupo ukuta wa pili, yuko tayari, anasema wazi. Hukugonga kwake kwa sababu hukuhitaji mtu wa kukushika mkono hadi getini. Ulimtaka mwanao akae nyumbani siku mbili tatu, kile kiti kipate mtu. Hiyo si aibu, na wala si siri ya kuvisha koti la mikutano. Lakini lazima litoke kwako likiwa hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu mdomo wa nyumba hiyo sasa ni wewe, hakuna mwingine wa kusema "baba yako anakusalimu".

Basi fanya hivi. Leo, kabla jua halijawa kali, nenda steshenari na mwenye duka mkiongozana. Usifunue taipureta. Usibebe karatasi. Keti kwenye kiti chake, umtajie maneno, ayaandike pale pale juu, mahali unapopaita bahasha. Mwambie asiambatishe chochote. Ukimaliza, chukua simu yako uiweke mfukoni, usiiache mezani, na ikitetemeka upokee. Mkikosa la kusema, kaeni hivyo hivyo mkisikilizana pumzi, usikate wewe. Kabla hujaingia ndani mgongee jirani, umwambie awe tayari Alhamisi, maana safari ya binti ni ndefu na daktari hasubiri.

Binti akija, zile nakala za kaboni ziko kwenye jalada. Jicho lako litakuwa limefungwa, hutaweza kusoma, naye hajawahi kuzisoma. Mpe jalada akusomee kwa sauti, aanze na zile za mama yake. Zile ndizo barua nzuri kuliko zote ulizoandika, nina hakika ingawa sijaziona, na hakuna mashine ya kuzipunguza wala bando la kuishia njiani.

Najua utaniambia kwamba ujumbe mfupi hauna heshima na kwamba hujui uanzeje. Nimekuandikia mimi. Kichwa cha habari kiwe: Operesheni ya jicho Alhamisi, naomba uje. Chini yake yafuate maneno haya, bila kuongeza salamu wala kupunguza neno:

Mwanangu, Alhamisi asubuhi wananipasua jicho la kulia. Jirani yuko tayari kunisindikiza, lakini ninakutaka wewe. Nisamehe kwa lile la blanketi. Utakuja au hutakuja?

Baba.